Jina la Kiumbe wa Jiwe Jeusi

Hapo zamani, wala si zamani mno, maana ugali wa Bi Semeni nimeula mimi mwenyewe, palikuwa na mlima wa mawe meusi yanayobanduka bapa kwa bapa. Watu wa hapo waliezekea nyumba mawe hayo.

Bi Semeni alikuwa mpasua mawe. Siku moja alipasua bapa, akaona alama zenye vijimeno kama vya msumeno. Wenzake wakamaka, "Lo! Uchawi huo, vunja!" Akagoma. Akalipeleka kwake, akalifanya kifuniko cha mtungi wa maji kwa miaka kumi na miwili.

Nyapara wao, Mzee Chilewa, naye alikuwa na ukaidi wake. Kila bapa alilichora kwa msumari nambari ya tabaka lilikotoka, ili nyumba moja iezekwe kwa tabaka moja. Walimcheka mpaka wakachoka.

Ndipo akaja Nyamizi, msomi wa miamba. Aliomba maji ya kunywa, akaona kifuniko, kata ikamponyoka.

"Mama, hii ni chapa ya kiumbe wa baharini wa kale, aliyegeuka jiwe! Aina yake iliishi kitambo kifupi, ikatoweka. Popote aonekanapo, mwamba huo ni wa wakati wake. Ni kama khanga, ukijua mtindo unajua mwaka."

Akafuata nambari ya Chilewa hadi kwenye tabaka lenyewe, akakuta wengine tele. Umri wa mlima ukajulikana.

Sasa, kiumbe asiyewahi kuandikwa hupewa jina na anayemwandika kwanza, na mara nyingi ni jina la mtu. Jina moja tu, halifutiki.

Bi Semeni akasema, "Mwanangu, kwetu jina la bibi hubebwa na mjukuu. Mimi sikuzaa. Ningelivunja jiwe lile, leo mngekuwa na nini?"

Chilewa akasema, "Pole, dada yangu. Lakini jiwe lisilojulikana lilikotoka ni pambo tu. Nambari zangu ndizo zilizolisemesha, na kwa nambari hizo nimechekwa maisha yangu yote."

Nyamizi akalia. "Mimi sijiombei, mwandishi hajipi jina lake. Lakini mwalimu wangu, marehemu Mhozya, alisema kiumbe huyu yupo, wasomi wenzake wakambeza. Alimtafuta miaka thelathini, akapofuka. Yeye ndiye aliyenifundisha kumtambua. Nilimwahidi jina hili akiwa kitandani, karibu kufa."

Bi Semeni akamfuta machozi. "Mwalimu wako ana wewe wa kumtaja. Chilewa ana wajukuu saba. Mimi je?"

Nyamizi akashika kalamu. Akaiweka chini.

Haya, msinikodolee macho, hata mimi nimeshindwa. Je, nani alistahili jina lile?