Kitambi cha Fisi Mchana Kweupe

Jongeeni karibu, na mwenye kiu anywe kwanza, maana habari hii ni ya ukame.

Mwaka huo mvua iligoma, mito ikakauka, likabaki bwawa moja la kunywesha nyika nzima. Hapo palikuwa na desturi: kila asubuhi, kabla ya kunywa, mwenye dukuduku husimama ukingoni akasema, kisha wenzake humuuliza maswali matatu, na yeyote aliyeulizwa hanywi wala haondoki mpaka ajibu. Kikao kilichosha kweli. Kobe akianza kulalamika, jua humkuta bado yuko kwenye salamu. Lakini hakuna aliyeng'atwa wala aliyerukwa zamu.

Fisi alikichukia kikao hicho, kwa kuwa maswali humchoma mwongo. Akajichimbia kichakani, akawa anawahubiria vijana: "Bwawa ni la wenye kucha peke yao. Hawa walao nyasi wamelinajisi. Fungeni, msile kitu, mpaka tulitakase!" Alfajiri moja genge lake likamvamia mwana wa Mama Swala akinywa maji, likamuua. Vumbi lilipotulia, mashahidi walikumbuka jambo moja tu: wauaji walikuwa na madoadoa.

Basi! Simba, mwenye kiburi cha kutosha milima miwili, akanguruma: "Kikao kimefungwa! Mwenye doa asionekane hapa!" Chui akafukuzwa, Twiga akafukuzwa, na Mama Kanga, ambaye hajawahi kumdhuru yeyote ila mchwa, naye akafukuzwa pamoja na bintiye Nukta.

"Mzee Simba, mimi nimekosa nini?"

"Una madoa."

"Nimezaliwa nayo!"

"Ndiyo maana. Umejiandaa siku nyingi."

Nukta alikuwa na kiu, lakini hasira ndiyo iliyomkausha zaidi. Siku ya tatu akatorokea kichakani. Fisi akampokea kwa kicheko kitamu: "Sikusema? Hawakupendi. Karibu nyumbani, kipenzi." Kanga kutafuta hifadhi kwa Fisi, jamani! Na aliyemwonyesha njia ni Simba.

Mama Kanga aliposikia, moyo ulimpasuka. Kabla hajamaliza kulia akasikia jingine: Simba anataka kukichoma kichaka chote na waliomo. "Dawa ya moto ni moto," alijigamba. Mama Kanga akakimbilia kwa Sungura. "Mwanangu yumo humo! Nisaidie, baba."

Sungura akajikuna sikio, akamwendea Simba, akainama mpaka pua ikagusa vumbi. "Mtukufu, wanasema unamwogopa Fisi."

"Nani kasema?"

"Wanasema mwenye nguvu angemwita mchana kweupe, ajibu mbele ya wote. Eti kuchoma vichaka ni kazi ya mwoga. Mimi nimewakatalia, lakini midomo ya watu unaijua."

Simba akavimba. "Mwiteni! Fungueni kikao!"

"Na wenye madoa wanywe kwanza," akadakia Mama Kanga. "Sisi ndio tuliokaa na kiu." Simba akaguna, lakini alikuwa keshajifunga kwa kiburi chake, akakubali.

Habari ya maji ilipofika kichakani, vijana wakaanza kuchomoka mmoja mmoja, mbavu nje, Nukta akiwamo. Fisi akaona jeshi linamponyoka, akalifuata mbio hadi bwawani, akapanda ukingoni na kuhubiri mpaka povu likamtoka.

Mama Kanga akasimama. Akauliza: "Vijana wako wamefunga siku ngapi?"

"Kumi! Kwa ajili ya haki!"

"Na wewe je?"

"Mimi ndiye niliyetangulia kufunga!"

"Na hilo tumbo?"

Wote wakatazama. Kule kichakani kulikuwa na giza. Hapa jua liliwaka. Nyika nzima imebaki mifupa, Fisi kitambi kinaburuzika chini!

"Na Kicheche, mwenzetu wa kichakani uliyemtuma safari, mbona hajarudi?" akauliza Nukta. Hilo lilikuwa swali la nne, lakini hakuna aliyehesabu. Fisi akafungua kinywa ajibu, akacheua manyoya ya Kicheche. Vijana walewale wakamkamata, na Nukta akaingia chini ya bawa la mama yake akilia.

Simba akanyanyua kucha amrarue. Mama Swala, mfiwa mwenyewe, akamzuia: "Leo yeye. Kesho utamrarua nani? Ahukumiwe na kikao." Kikao kikaamua, baada ya maneno marefu ya Kobe, kwamba Fisi na waliomuua mtoto yule wachimbe tope la bwawa maisha yao yote, Tembo akiwasimamia, na wapewe mgao uleule wa wenzao.

Asubuhi iliyofuata Mama Kanga akasimama tena. "Mzee Simba, mimi nilikosa nini?"

Simba akakohoa, akatazama mawingu ambayo hayakuwepo. Jua likapanda, koo likamkauka, na maji yako pale pale mbele yake. Desturi ni desturi. Adhuhuri ndipo aliposema kwa sauti ndogo, "Hukukosa kitu." Wakamwachia anywe.

Tangu siku hiyo, Kobe akianza salamu zake, wanyama wa nyika ile hupiga miayo, huketi vizuri, na kuambiana: usiache mbachao kwa msala upitao.