Mabawa Marefu ya Anselme

“Kijicho hakioni upepo.” Mmemsikia fundi akimwambia mwenzake hapa karakanani, nanyi mmeniuliza neno hilo lilitoka wapi. Sisi mafundi wa ndege tumelirithi kwa waliotutangulia, nalo lilianza hivi.

Zamani, ndege zilipokuwa bado za mbao na kitambaa, huko Ufaransa alikuwako seremala aitwaye Anselme Courtil. Yeye na mshonaji mmoja, Honorine Vasseur, waliunda ndege pamoja: Anselme akichonga mbao, Honorine akishona kitambaa cha mabawa. Ndege yao ya kwanza iligoma kupaa. Wakalaumiana, wakatengana, kila mtu akaunda yake.

Ya Honorine ikaruka. Watu walikuja kwa baiskeli kumshangilia, na Anselme akawa hawezi kula akashiba. Kila aliposikia injini ikinguruma juu ya paa lake, aliweka randa chini, akanuna.

“Kazi ya mbao nilimfundisha mimi,” alimwambia mkewe.

Jumapili moja Honorine alipokuwa kanisani, Anselme aliingia bandani mwake kwa siri, akayapima mabawa kwa kamba. Akarudi kuunda yake, marefu kuliko yale kwa hatua mbili.

Ikafika siku ya mashindano. Ndege mbili zikasimama uwanjani, umati umefurika. Honorine akatazama nyasi zilivyolala, akazima injini, akamwendea.

“Anselme, upepo umegeuka, unapiga ubavuni. Kwa mabawa marefu kama hayo utapinduka. Tungoje.”

“Unaogopa nitakushinda!”

“Naogopa utakufa.”

“Umekula sifa peke yako mwaka mzima. Leo ni zamu yangu.”

Akapaa. Watu wakapiga kelele, naye badala ya kutazama mbele akageuza shingo amwone Honorine usoni, ajue kama roho imemuuma. Upepo ukainua bawa moja. Ndege ikapinduka, ikaanguka kwenye shamba la viazi.

Wa kwanza kufika alikuwa Honorine. Alikata kamba zilizomnasa Anselme kwa mkasi wake wa kushonea, akamvuta nje. Mguu ulikuwa umevunjika mara mbili.

“Nyasi zilikuwa mbele yangu,” Anselme alisema huku analia. “Sikuziona. Nilikuona wewe tu.”

Hakuruka tena. Lakini alipopona, Honorine, ambaye sasa alikuwa na shule ya urubani, alimpa kazi ya kuwafundisha marubani wapya kusoma upepo. Na kila aliyeanza kumchungulia mwenzake kwa husuda, Anselme alimwonyesha mguu wake uliopinda, akamwambia, “Kijicho hakioni upepo.”