Ngawa na Magamba Mekundu

Nawapa hadithi!

— Tupe tuionje!

Ina chumvi!

— Ndiyo utamu wake!

Wewe wa nyuma hukuitikia. Ukilala, usiniulize mwisho.

Hapo zamani za kale, wanyama wa Mwambakuu walipenda sana kamba koche, wale kamba wakubwa wenye miiba. Wakala wakubwa, wakala wadogo, wakala hata wenye mayai. Wakabaki kamba saba tu mwamba mzima.

Bi Kasa akasema, "Basi! Hawa tuwafuge." Akajenga uzio wa mawe na fito majini, akawatia wote saba. Mmoja alikuwa mama, tumbo limejaa mayai.

"Huyu akiliwa tumekwisha," akasema. "Watoto wetu hawatamjua kamba."

Kila maji yakitoka, Bi Kasa alikwenda kutafuta konokono wa kuwalisha. Nani abaki kulinda?

"Mimi, Bi Mkubwa," akasema Ngawa. "Kamba hata siwapendi." Na mate yanamtoka, mwone!

Bi Kasa akamfundisha. "Kamba akikua hujivua gamba lake zima. Ukiona gamba tupu usishtuke. Mwenyewe kajificha chini ya jiwe, mwili bado laini."

"Ahaaa!" akasema Ngawa. Ahaa gani ndefu hivyo?

Siku ya kwanza Bi Kasa akarudi, akakuta kamba watano na magamba matupu mawili.

"Wamejivua, Bi Mkubwa. Wako uchi, wanaona haya kutoka."

"Na mdomo wako mbona unanukia nazi?"

"Mafuta tu. Upepo umenikausha midomo."

Bi Kasa akaamini. Kumbe magamba yale Ngawa aliyaokota mwambani, ya zamani. Ya wale aliowapika aliyafukia mchangani.

Siku ya pili, kamba watatu, magamba mawili mengine.

"Na hawa?"

"Wanaiga wenzao, Bi Mkubwa."

"Na vidole mbona vya manjano?"

"Bizari. Najitibu jipu."

Siku ya tatu magamba ya kuokota yakaisha, na Ngawa ameshiba hata kufukia hawezi. Akayaacha yale yale aliyoyafyonza. Mara Bi Kasa huyo, amerudi mapema kuchukua kikapu alichosahau.

"Mbona haya mekundu?"

"Jua, Bi Mkubwa! Jua la leo halina adabu."

Bi Kasa akalamba gamba moja. "Na jua hili limetia tui, likakamua na ndimu?"

Kwapani mwa Ngawa kukasikika pa! pa! pa! Mama kamba, aliyefichwa humo apikwe baadaye, anamchapa kwa mkia. Bi Kasa akamnyakua, akamrudisha majini na mayai yake yote.

Wanyama wakataka kumfukuza Ngawa. Bi Kasa akakataa. "Abaki. Atavunja konokono, atasafisha uzio, mpaka kamba wajae tena."

Ngawa akalia, na mimi sikumhurumia. Mayai yakaanguliwa, vitoto vikaenda na maji, vikarudi mwambani vimekua. Vikafugwa. Mvua zikaja, zikapita, zikaja tena, Ngawa anavunja konokono tu.

Siku ya karamu ikafika. Ngawa akapewa sahani ya kwanza. Akamtazama kamba, akameza mate, kisha akamgeuza tumbo kwanza kuangalia mayai. Kamba wa kupikwa, jamani! Wakacheka mpaka wakakaa chini.

Basi wanangu, ukitaka kula kamba mwakani, mama yake mwache leo. Na mlinzi msimchague kwa maneno, mnuseni kwanza mdomo.

Hadithi yangu nimeirudisha majini. Anayeitaka akaivue, ila aigeuze tumbo kwanza.