Kipanga Anyolewa Matanga

Nina hadithi. Nani ana masikio?

*Sisi tunayo. Ilete.*

Naileta polepole, maana inatoka mlimani.

Juu kabisa mlimani, katika msitu unaoshinda ndani ya ukungu, aliishi ndege mdogo wa kuimba, jina lake Wakesho. Ukoo wake ulikuwa umekwisha. Walibaki yeye, mumewe na mayai mawili kiotani. Jumatatu Kipanga akamla mumewe. Jumatano akaja kutoa pole.

"Hodi, shemeji. Pole kwa msiba."

"Tumeshapoa, ni kazi ya Mungu. Shemeji tangu lini?"

"Marehemu alikuwa na mabawa, nami nina mabawa. Tulikuwa ndugu. Basi mrithi ni mimi. Sogea nile urithi wangu."

Wakesho akatazama mayai yake. Akatazama kucha za Kipanga. Hakulia.

"Kula, shemeji. Lakini leo utakula mawili tu. Mrithi aliyenyolewa matanga huletewa mayai ya ukoo mzima."

"Ukoo wenu una mayai mengi?"

"Tangu nizaliwe sijaona aliyemaliza kuyahesabu."

Kipanga akameza mate. "Ninyoe basi. Sina nywele, nyoa manyoya."

Wakesho akaanza bawa la kulia. Pwi, pwi.

"Imetosha, shemeji?"

"Bado, shemeji. Marehemu alikuwa mwema."

Akaingia bawa la kushoto. Pwi, pwi, pwi.

"Imetosha, shemeji?"

"Bado, shemeji. Marehemu alikuwa mwema mno."

"Hata mkia?"

"Hata mkia. Au hukumpenda?"

"Nilimpenda sana," Kipanga akasema, akapangusa mdomo. Pwi.

"Sasa ukoo uko wapi?"

"Ndio huu, shemeji. Mimi na haya mawili."

Kipanga akamrukia. Mabawa yakapiga hewa, fyu, hayakushika kitu. Akaanguka chini, pu! Akashuka mlima kwa miguu, na kuku wa kijijini wakampisha, wakidhani ni mgeni wao.

Manyoya huota tena. Mungu hamnyimi hata Kipanga. Lakini yalipoota, mayai yale yalikuwa yameshakuwa ndege wawili, wanaruka na wanaimba.

Mzigo wangu nimeutua hapa. Nani ataubeba?

*Tutaubeba sisi.*

Basi shikeni na funzo lake. Watoto, msimdanganye kamwe mtu aliyekuja kutoa pole. Ni dhambi. Mnyoeni kwa heshima, na akiondoka mwambieni, Mungu akubariki.