Komeo la Mzee Mwakalinga

"Komeo hujaribiwa na wawili." Mmeisikia leo kwa fundi Ambakisye, mkacheka, mkadhani ni habari ya wachumba. Siyo. Kaeni niwaambie ilikotoka, na msinikatize. Methali hii ilianzia hapa hapa Tukuyu.

Alikuwapo mzee Mwakalinga, fundi vyuma mstaafu. Yeye na mkewe, Atuganile, waliagiza gari dogo la kujiundia nyumbani, likaja vipande vipande kwenye makasha. Walitaka kwenda nalo Matema wakalione ziwa. Fremu haijasimama, Atuganile akafariki.

Majirani walikuja kumliwaza, naye akachoshwa na pole zao. Mama Lusajo wa nyumba ya pili alipomletea ndizi, alimwambia, "Niacheni peke yangu." Watu wakamwacha. Nasi kumwacha mtu tunakujua! Ukitufukuza mara moja, haturudi.

Akabaki na gari lake. Jioni alikula kiporo, maana kuwasha moto wa mtu mmoja kulimuuma. Makasha hayakuja na makomeo ya milango, basi akayatengeneza mwenyewe: ulimi wa chuma, na nyuma yake springi aliyoichomoa kwenye kiti kikuukuu. Ukifunga mlango, ulimi unarudi nyuma, kisha springi inausukuma uingie tunduni. Nje aliweka kitufe cha kufungulia. Kishikio cha ndani alikuwa bado hajakifunga. Kilikuwa juu ya meza ya kazi barazani, gari likiwa uani.

Siku moja ya mvua akaingia garini, akavuta mlango ausikie unavyolia. Ta! Komeo likashika barabara. Akatabasamu, akapeleka mkono kwenye kishikio, akakuta bati tupu.

Vioo alikwisha kuvipachika, na mlango wa pili ulikuwa umefungwa, nao bila kishikio. Alisukuma kwa bega, akapiga mateke, wapi! Kazi yake ilikuwa nzuri mno. Hewa ikaanza kuwa nzito. Alifungua kinywa apige kelele, akaona hana wa kumwita. Jina lililomtoka likawa la marehemu.

"Atuganile! We Atuganile!" Aliita huku analia, mpaka sauti ikamkauka.

Mama Lusajo akasikia marehemu anaitwa. Akaacha sufuria motoni, akaja mbio kwenye mvua.

"Baba! Nani kakufungia humo?"

"Nimejifungia mwenyewe, mwanangu."

Akabonyeza kitufe, mlango ukafunguka. Mzee alitoka ametota jasho, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Mama Lusajo naye hakusema pole. Aliona mlango hauna kishikio kwa ndani, akakichukua mezani akampa, na mzee akakifunga palepale. Kisha akaingia tena garini.

"Usiondoke," alisema. "Simama hapo nje mpaka nifungue."

"Nipo, baba."

Akavuta mlango. Ta! Kishikio kilikuwa kizima, lakini alikawia kukivuta. Miezi mingi ilikuwa imepita bila mtu kumngoja, naye alitaka kungojwa kidogo. Mama Lusajo akangoja, mvua inamnyeshea.

Basi, wanangu, msicheke tena. Komeo hujaribiwa na wawili.