Mnazi Uliokula Kitovu

Hapo zamani, kabla binadamu hawajaanza kuandikwa vyetini na kupigwa picha wakiwa wamenuna, palikuwa na miji miwili iliyotazamana, Kitope na Mirangani, na katikati yake kijito ambacho mbuzi hukiruka bila kulowesha kwato. Kitope kulikuwa na minazi. Mirangani kulikuwa na soko, na ukuta, na Sultani Zahoro, tena kulikuwa na amri: ngoma ya alasiri ikilia, kila mgeni atoke langoni, asionekane tena mpaka asubuhi.

Basi Kitope alikaa mtu jina lake Mwinchande, fukara wa kutupwa, mali yake yote ni minazi sita, na ulimi aliojaliwa na Mola. Mtu huyu akaoa Mirangani, akamwoa Bi Saumu, mwoka mikate ya mofa, ambaye hakuweza kuhama kwa kuwa mamake alikuwa hawezi, yu kitandani. Ikawa Mwinchande ni mume wa mchana. Asubuhi huingia, adhuhuri hula, na ngoma ikilia askari humshika mkono kama mwizi wa kuku, humtoa nje. Wanawake kisimani wakamwuliza Bi Saumu, "Shoga, huyo wako ni mume au kibarua?"

Maneno hayo yakamchoma. Akamwambia mumewe, "Mwaka wa pili huu, baba. Nina mimba ya miezi mitano, na sitazaa peke yangu ilhali mume wangu yu hai ng'ambo ya kijito. Kapate uenyeji wa mji huu, ama unipe talaka yangu."

Mwinchande akaenda barazani, akapiga magoti. "Maulana, naomba uenyeji wa Mirangani, na ule wa Kitope nibaki nao."

Sultani akacheka puani. "Uenyeji wa miji miwili wa nini? Una vichwa viwili?"

"Kichwa kimoja, maulana, lakini miguu ni miwili, na kila mmoja una pake pa kukanyaga. Nikiukana mji wa Kitope, kwa mila yao minazi yangu watagawana majirani. Nikikosa uenyeji wa hapa, mke ananiacha. Sasa nichague minazi nilale na nani, au nichague mke tule nini?"

Waziri akaingilia, "Kuoa hapa hakukufanyi wa hapa. Ndoa imekufunga kwa mke, haikukufunga kwa mji."

"Mbona Bwana Fakihi muuza vitambaa mmempa, naye katoka mbali kuliko mimi?"

"Bwana Fakihi aliiezeka baraza hii kwa mali yake."

Mwinchande akainua macho, akaliangalia paa kwa makini. "Kumbe. Ndiyo maana linavuja."

Watu wakaziba midomo kwa viganja. Sultani akakunja uso. "Sikiliza, wewe mwenye ulimi. Mwenyeji wa Mirangani ni yule ambaye kitovu chake kimezikwa katika ardhi ya Mirangani. Ndivyo ilivyo tangu babu zangu. Lete kitovu chako kizikwe hapa mbele yangu, nami naapa mbele ya watu hawa, uenyeji nitakupa, na wa kwenu ubaki nao. Una siku saba. Ukishindwa, usiukanyage tena mji huu, usiku wala mchana."

Sasa ifahamike kwamba katika miji ile yote miwili, kitovu cha mtoto kikidondoka, huzikwa, na juu yake hupandwa nazi, na mnazi ukiota huwa wake mtoto yule. Kitovu cha Mwinchande kilizikwa miaka arobaini iliyopita. Waziri akaenda zake kula akiwa na furaha nyingi.

Siku ya saba, asubuhi, baraza ikajaa watu, na Bi Saumu kasimama nyuma yao, kashika tumbo. Mwinchande akaingia na nazi moja iliyokwisha kuchipua.

"Kitovu kiko wapi?" akauliza Sultani.

"Hiki hapa, maulana."

"Hiyo ni nazi."

"Ni nazi ya mnazi uliopandwa juu ya kitovu changu. Mnazi ulikila ukiwa mchanga, ukanenepa, ukazaa. Nimechimba, sikukuta kitu ila mizizi."

Waziri akasema, "Maulana, huyu anatufanya watoto. Kitovu ni kitovu."

"Basi tukione cha mtu mwingine, tujue kinavyofanana," akasema Mwinchande kwa upole. "Chako, maulana, kiko wapi?"

Sultani akatoa kifua mbele. "Chini ya mnazi ule pale mlangoni. Mji mzima unajua."

"Na kichimbuliwe, kwa heshima."

Likaletwa jembe. Wakachimba mpaka magotini, wakachimba mpaka kiunoni. Sultani mwenyewe akainuka, akachungulia shimoni. Mizizi, na nyungunyungu mmoja.

"Kiko wapi, maulana?"

"Si kimeliwa na mnazi," akasema Sultani, na alipokwisha kusema akajua amekwisha kusema.

"Na changu vivyo hivyo. Ama nazi hii ni kitovu changu, ama mjini hapa hapana mwenyeji hata mmoja. Alasiri ngoma ikilia tutoke sote, maulana mbele, nami nyuma. Nisilolijua ni nani atakayebaki kufunga lango."

Kisha Sultani akaanza kutikisika mabega, akacheka hata kilemba kikamwangukia waziri. Nazi ikapandwa palepale, na Mwinchande akaandikwa mwenyeji. Alasiri ile ngoma ilipolia, alikuwa ameketi kizingitini kwa mkewe akitafuna mkate wa mofa, na askari alipopita akamwambia, "Karibu, jirani."

Lakini hayajesha. Kesho yake Sultani akamwita faraghani, akamtolea kitu kilichofungwa ndani ya kitambaa. Ilikuwa nazi ya mnazi wake, imechipua.

"Kaipande hii Kitope. Waziri asijue."

"Ya nini, maulana? Wewe una mji mzima."

"Hata babu yangu alikuwa nao mzima," akasema Sultani, "mpaka siku ndugu yake alipompigia ngoma ya alasiri."

Mwenye kubisha na aende Kitope ahesabu. Minazi ya Mwinchande ilikuwa sita. Ataikuta saba, na huo wa saba ndio unaotiliwa maji kila siku.