Zimwi Lililotaka Kuuona Mwezi

Tegeni masikio. Tarehe ishirini na tisa Shaabani, saa kumi na mbili jioni, zimwi la pangoni lilinyoosha ulimi nje likammeza Mshamu, aliyelala uwanjani mbele ya pango akitafuta mwezi mwandamo. Mshamu alipenda anga kuliko dari yoyote.

Jioni hiyo hiyo mkewe, Mwanakombo, alisimama mlangoni pa pango. Mazimwi hupasuka yakitoka mazima chini ya anga wazi, ila hupenda sifa kupita kiasi.

"Bwana mkubwa, atakayeuona mwezi kwanza atashuhudia mbele ya kadhi, asifiwe na mji mzima."

Likatoa kichwa. "Siuoni."

"Sogea."

Likatoa kifua. "Siuoni, we mwanamke."

"Sogea kidogo tu."

Likatoka zima.

"Hilo ndilo anga alilolipenda mume wangu. Litazame vizuri."

Likapasuka kama boga bovu. Mshamu akatoka tumboni, hapumui.

Mwanakombo alimzika, akainua mikono: "Ewe Mola, mrehemu Mshamu, na kaburi lake ulipanue kama anga lako. Amina."